James Hong: mzee uliyemwona mara mia bila kujua jina lake

Swali limetoka kwa kijana wa Mwanza anayeigiza kwenye kikundi cha mtaani: "Shikamoo mwalimu. Juzi tuliangalia Everything Everywhere All at Once, nikamkumbuka yule babu wa kwenye kiti cha magurudumu. Ndiye yule mchawi wa Big Trouble in Little China niliyoiona udogoni kwenye banda la video, na nimeambiwa ndiye sauti ya yule bata anayepika tambi kwenye Kung Fu Panda. Anaitwa James Hong. Nataka kujua mzee huyu katokea wapi, kacheza filamu ngapi, na kama ni mkali kiasi hicho kwa nini hakuwahi kuwa steringi? Na mtu wa kupewa dakika mbili mbili anaishije? Nauliza kwa sababu na mimi kila kazi napewa mlinzi wa getini."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja. La idadi nalimaliza haraka, maana ndilo linalopendwa na magazeti na ndilo linalotueleza machache. Namba inayotajwa kila mahali ni zaidi ya kazi 600. Ndani yake zimo filamu za sinema, tamthilia za televisheni, katuni, michezo ya video na kazi za kuingiza sauti. Ukihesabu tamthilia kama kazi moja hata pale alipotokea mara kadhaa, namba inashuka. Ukihesabu kila kipindi peke yake, inapanda. Hata ukihesabu kwa ubahili bado unabaki na mamia, na yametapakaa kuanzia miaka ya 1950 hadi Kung Fu Panda ya nne iliyotoka 2024, mzee akiwa na miaka 95. Hiyo miaka ndiyo inayonishangaza mimi kuliko hesabu ya filamu.

Alizaliwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, tarehe 22 Februari 1929, kwa wazazi wa Kichina waliohamia Marekani. Utotoni alipelekwa Hong Kong, akaanzia shule huko, akarudi Marekani akiwa na miaka kama kumi. Kwa hiyo Kikantoni unachomsikia akikisema kwenye filamu ni cha nyumbani, hakufundishwa na mtu wa studio. Akasomea uhandisi wa ujenzi, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha akamalizia Chuo Kikuu cha Southern California kule Los Angeles. Katikati ya hapo jeshi likamchukua, ni wakati wa vita vya Korea, akaishia kuandaa maonyesho ya burudani kwa askari kambini. Alipomaliza chuo akaajiriwa kuwa mhandisi wa barabara katika Kaunti ya Los Angeles. Picha yake ya kwanza kwenye sinema aliipiga akiwa bado ana ofisi: alitumia likizo, na alitumia siku za ugonjwa. Wako wengi hapa kwetu wanaopiga filamu kwa mtindo huohuo, mchana yuko halmashauri, jioni yuko lokesheni, na bosi anaambiwa tumbo linasumbua.

Mlango ulifunguliwa na kichekesho. Hong alikuwa mahiri wa kuiga watu. Mwaka 1954 akatokea kwenye kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Groucho Marx, You Bet Your Life, akamwiga mastaa mmoja baada ya mwingine, akiwemo Groucho mwenyewe aliyekuwa amekaa mbele yake. Fikiria ujasiri huo: kijana wa Kichina asiyejulikana anamvalia mwenye kipindi sura yake, na taifa linaangalia. Watu wakaandika barua, mawakala wakamtambua. Mwaka uliofuata yumo kwenye Soldier of Fortune, filamu ambayo steringi wake ni Clark Gable, na mwaka huohuo yumo kwenye Blood Alley ya John Wayne. Nafasi zenyewe zilikuwa ndogo kabisa, za kuingia na kutoka.

Kuna kazi moja ya miaka hiyo ambayo mtu wa huku ataielewa upesi kuliko Mmarekani. Godzilla ya Wajapani ilipopelekwa Marekani mwaka 1956 ilikatwakatwa na kuingizwa Kiingereza. Hong alikuwa mmoja wa waliokaa mbele ya maikrofoni, na hakupewa mhusika mmoja. Sauti ya kijana mpenzi, Ogata, ni yake. Sauti ya mwanasayansi mwenye huzuni, Serizawa, ni yake pia. Yaani watu wawili wanagombea mwanamke mmoja na wote ni James Hong. Sisi tuliokulia kwa Lufufu, aliyetusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na wenzetu wa Kenya wa DJ Afro, tunaijua kazi hiyo ya koo moja kubeba ukoo mzima, na tunajua kwamba haiwezekani bila sikio la kusikia kila mtu anapumua vipi. Sikio hilo ndilo lililokuja kumlisha miaka 50 baadaye.

Sasa twende kwenye swali lenye uzito, la kwa nini hakuwa steringi.

Watu hupenda kujibu kwamba wapo waigizaji ambao "uso wao" ni wa pembeni. Kwa baadhi ni kweli. Kwa Hong jibu hilo ni la uvivu. Yeye aliingia Hollywood ambako mhusika Mchina akiwa mkubwa anapewa mzungu. Mwaka 1937 ilitoka The Good Earth, filamu ya wakulima wa China mwanzo hadi mwisho; mume alikuwa Paul Muni, mke alikuwa Luise Rainer, na Rainer akapewa Oscar kwa hiyo kazi. Wakati huo alikuwepo Anna May Wong, staa wa kweli, Mchina aliyezaliwa Los Angeles, akitamani nafasi ile, na hakuipata. Kanuni za maadili zilizotawala studio wakati ule zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya weusi na weupe, na wenye studio wakazitafsiri kwa upana wa kutosha kumziba kila asiye mweupe. Fuata mnyororo wake: steringi lazima apende na apendwe, mrembo wa filamu ni mzungu, basi Mwasia hawezi kuwa steringi. Na kama nafasi ya Mwasia ni steringi, basi atafutwe mzungu, abandikwe plasta pembeni ya macho.

Hong hakuisoma hiyo kwenye vitabu. Mwaka 1957 alipata nafasi yake ya kwanza ya kudumu, kwenye tamthilia ya The New Adventures of Charlie Chan. Alicheza mtoto mkubwa wa mpelelezi Charlie Chan. Na Charlie Chan, mpelelezi Mchina, alikuwa J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Kwa hiyo kila siku kazini Mchina halisi anamwita "baba" mzungu aliyepakwa akawa Mchina. Hong amesimulia mwenyewe jinsi ilivyoisha: siku moja alichelewa kutoa mstari wake, Naish akafoka mbele ya watu wote, na yeye Hong ndiye aliyeondolewa. Tamthilia ikaendelea.

Miaka kumi na tano baadaye hali bado ni ileile. Tamthilia ya Kung Fu, iliyoanza 1972, ilimhusu mtawa wa Shaolin mwenye damu ya Kichina. Steringi akawa David Carradine. Hong alitokea humo zaidi ya mara moja, kila mara akiwa mtu mwingine. Anayejua historia hiyo akiniuliza kwa nini James Hong hakuwa steringi, huwa namrudishia swali: ungetaka awe steringi wa filamu gani? Zitaje.

Mwaka 1965 yeye na wenzake, akiwemo Mako, ambaye mwaka uliofuata alicheza The Sand Pebbles na kuteuliwa kugombea Oscar, wakaanzisha kundi la tamthilia za jukwaani pale Los Angeles. Wakaliita East West Players. Kazi yao ya kwanza ilikuwa Rashomon. Sababu ilikuwa ya kawaida sana: walichoka kucheza watumishi, wapishi na wapelelezi wa Kijapani, wakataka mahali ambapo Mwasia anaweza kuwa mfalme, mlevi, mwizi au mume mwenye wivu. Kundi hilo lipo hadi leo na lina ukumbi wake katika mtaa wa Little Tokyo. Ukiniuliza kazi kubwa ya maisha ya Hong ni ipi, sitataja filamu, nitataja hilo kundi. Filamu nyingine nyingi zingepata mtu wa kumweka mahali pake.

Nisikudanganye lakini kwamba kila alichokicheza kilikuwa dhahabu. Alikubali vingi ambavyo leo vinatia kichefuchefu. Alikuwa jenerali wa Kivietnam kwenye Missing in Action ya Chuck Norris mwaka 1984, zile filamu ambazo askari mmoja wa Kimarekani anamaliza kikosi kizima na nywele hazichafuki. Alikuwa jenerali wa Kijapani kwenye Airplane! ya 1980, amekaa ndani ya ndege kando ya abiria anayesimulia maisha yake bila kukoma, hadi anaamua ni nafuu kujichoma upanga tumboni. Hiyo ya pili inachekesha kweli, na anaicheza kwa uso mkavu kabisa. Lakini tazama: Mjapani, Mvietnam, Mchina, wote ni yeye, kwa sababu aliyeandika hakuona tofauti. Sisi tunalijua hilo, maana ni mara ngapi Mwafrika Mashariki katika filamu za nje anachezwa na mtu asiyejua hata kuitikia salamu? Wapo vijana wa Kiasia kule Marekani waliomlaumu kizazi cha kina Hong kwa kukubali nafasi hizo. Mimi nadhani lawama ina haki yake, ila imlenge zaidi aliyeandika kuliko aliyekuwa na kodi ya nyumba.

Na ndani ya vipande hivyo vidogo ndiko kuna somo lako la uigizaji. Nikueleze viwili kwa undani, kisha vingine utavitafuta.

Cha kwanza ni Blade Runner, 1982. Hong ni Hannibal Chew, fundi wa kutengeneza macho ya watu bandia. Anaonekana dakika chache tu na Harrison Ford, steringi, hayumo. Kipande kilipigwa ndani ya chumba cha baridi cha kweli, kwa hiyo mvuke unaouona ukitoka midomoni ni pumzi zao. Chew amevaa koti zito la manyoya lenye mipira ya kuleta joto iliyounganishwa mgongoni. Tunamkuta yuko peke yake na kazi yake, ananong'ona na macho, anafurahi nayo. Hapo Hong ameshafanya la muhimu: kabla adui hajaingia, tumeshamjua mtu huyu anapenda nini. Wanaingia watu bandia wawili. Mmoja anaing'oa ile mipira, koti linapasuliwa, na kuanzia hapo mzee ana muda mfupi tu kabla hajaganda. Angalia anavyotetemeka: haanzi kwa kishindo, baridi inamwingia kidogo kidogo, sauti inakatika, huku bado anajaribu kujibu maswali. Anaulizwa siri ya muda wa kuishi, na anajibu kwamba yeye hajui hayo, yeye ni mtu wa macho tu. Kisha anapotambua waliomvamia ni wa aina gani, anawaambia, karibu kwa fahari, kwamba macho yao ni yeye aliyeyatengeneza. Mtu anakufa kwa baridi na bado kuna sekunde moja ya fundi kujivunia kazi yake! Kwenye karatasi, Chew ni mtu wa kutoa anwani: kazi yake katika hadithi ni kumwelekeza adui kwa mtu anayefuata. Hong amempa maisha, na ndiyo maana miaka zaidi ya 40 baadaye watu wanamkumbuka.

Cha pili ni cha vichekesho. Kipindi cha tamthilia ya vichekesho ya Seinfeld kiitwacho The Chinese Restaurant kilirushwa Mei 1991. Watu watatu wanasubiri meza kwenye mgahawa wa Kichina, na ndiyo hadithi yote. Kipindi kinaanza wakisubiri na kinaisha wameondoka bila kula. Hong ni yule mpokeaji wa wageni aliyeshika daftari mlangoni. Wanamuuliza meza itapatikana lini, anawaambia dakika tano, kumi. Wanarudi tena, dakika tano, kumi. Mwanamke mwenye njaa anampa hongo, anaipokea, kisha anaita jina la watu wengine. Jamaa mmoja, Costanza, anasubiri simu ya mpenzi wake, simu inapigwa, mzee anakosea jina, anaita kwa sauti "Cartwright!", hakuna anayeitika, simu inakatwa. Na wale watatu wanapokata tamaa na kutoka nje, sekunde hiyohiyo anaita jina lao.

Mwigizaji mchanga angecheza huyo mtu kwa ukorofi, kwamba anawadharau wateja. Hong hakufanya hivyo. Mpokeaji wake hana chuki na mtu yeyote. Ana shughuli nyingi, anatabasamu, anaamini kabisa kwamba ni dakika tano, kumi. Utulivu wake ndio unaowatia wazimu wenzake, na ndio unaotuchekesha. Kila mtu mwingine ndani ya kipindi hicho ana dhiki, yeye hana.

Ile ya banda la video, Big Trouble in Little China, ilitoka 1986, mwongozaji akiwa John Carpenter. Ndiyo nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata kabla ya uzee: Lo Pan, mchawi aliyelaaniwa miaka 2000, ambaye kwa kawaida ni kizee kilichokauka kwenye kiti cha magurudumu na akitaka anageuka jitu refu lenye uso mweupe na kucha ndefu. Ni watu wawili kwa mwigizaji mmoja, na Hong anawatenganisha kwa sauti. Kizee analalamika kama mtu aliyechoka kusubiri mchumba, maana laana haitatoka hadi aoe msichana mwenye macho ya kijani. Lile jitu linaongea kama mtu ambaye hajawahi kukatazwa kitu. Filamu ilianguka vibaya kwenye majumba ya sinema, ikaja kupendwa kupitia kanda za video, na wewe ni ushahidi kwamba kanda hizo zilifika mbali. Ina mzaha ambao wengi tuliukosa tukiwa wadogo: Jack Burton, yule Mmarekani wa lori anayechezwa na Kurt Russell, anajiona steringi lakini ukimtazama vizuri ni msaidizi anayejichanganya. Kazi yote ya steringi, kupigana, kumwokoa mchumba, inafanywa na rafiki yake Mchina, Wang, ambaye ni Dennis Dun. Mwaka huohuo Hong yumo pia kwenye The Golden Child ya Eddie Murphy, na 1989 yumo kwenye Tango & Cash ya Stallone. Nakuhakikishia ulishamwona mara nyingi ukiwa umekaa kwenye benchi, ukimsubiri mwingine.

Kuhusu anavyoishi mtu wa dakika mbili mbili. Mwigizaji wa aina hii Marekani hulipwa kwa siku au kwa wiki, na kiwango cha chini kinapangwa na chama chao, Screen Actors Guild, kilichoanzishwa 1933 na ambacho tangu 2012 kinaitwa SAG-AFTRA. Hapo peke yake hautajirika. Siri iko kwenye mrabaha. Mwaka 1960 waigizaji waligoma, rais wa chama akiwa Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa rais wa nchi, na walichokipata ni malipo kila filamu zao mpya zinapooneshwa tena kwenye televisheni, pamoja na mfuko wa pensheni na bima ya afya. Tamthilia nazo zina malipo yake ya marudio. Sasa piga picha mtu ametokea kwenye mamia ya kazi, na Seinfeld inarudiwa huko na huko mwaka baada ya mwaka. Kila hundi ni ndogo, nyingine za kuchekesha, lakini zinafika nyingi. Kwa mtu wa namna hiyo idadi ya kazi haikuwa sifa ya kutambia, ilikuwa njia ya kulipa bili. Ndiyo maana nikisikia waigizaji wetu wanalipwa mara moja, mkononi, bila karatasi, kisha filamu inarudiwa kwenye chaneli miaka kumi, naona hapo ndipo tulipoachwa mbali, kuliko kwenye kamera na taa.

Aliwahi pia kushika usukani mwenyewe. The Vineyard ya 1989 aliiongoza kwa kushirikiana na mwenzake na kuicheza. Ni filamu ya kutisha ya bajeti ndogo. Itazame kama una jioni ya kupoteza.

Bwana Ping wa Kung Fu Panda, ambaye kwa taarifa yako ni bata bukini, ndiye aliyemfikisha kwa watoto wa dunia nzima, kuanzia 2008. Kabla yake alishaingia kwenye katuni ya Mulan ya 1998, akiwa yule mshauri wa mfalme asiyependeza. Kwenye Ping utaisikia tena ile kazi ya Godzilla ya mwaka 1956. Ni ndege amemlea panda, anataka mtoto arithi duka la tambi, na kila sentensi yake ina mambo mawili, biashara juu na wasiwasi wa baba chini. Anapokiri kwamba kiungo cha siri kwenye supu yake hakipo, hakuna siri yoyote, sauti inashuka, haitanii tena, na filamu nzima inageukia hapo. Ni katuni, na aliyebeba mgeuko wake ni mtu wa pembeni.

Heshima ilichelewa. Hakuwahi kuteuliwa kugombea Oscar hata mara moja. Nyota ya kwenye barabara ya mastaa Hollywood huwa inalipiwa, na kwa mastaa wengi studio ndiyo hulipa. Kwa Hong hakukuwa na studio ya namna hiyo, ndipo mwaka 2020 mwigizaji Daniel Dae Kim akaanzisha mchango mtandaoni, watu wa kawaida wakachanga dola 55,000 ndani ya siku chache. Nyota ilizinduliwa Mei 2022. Alikuwa na miaka 93, mkubwa kwa umri kuliko yeyote aliyewahi kuipokea.

Mwaka huohuo ikatoka ile uliyoiangalia juzi. Gong Gong, babu wa kwenye kiti cha magurudumu, alipigwa picha Hong akiwa ameshavuka 90. Mtazame tena ukitaka kujifunza ukimya: baba aliyemkataa binti yake kwa sababu ya mume aliyemchagua, sasa ni mzee, anahitaji kutunzwa na binti huyohuyo, na bado jicho lake linahukumu. Filamu ilichukua Oscar saba, mwezi Machi 2023. Wiki chache kabla, chama cha waigizaji kiliwapa tuzo ya kundi zima, na wenzake wakamwachia mzee maikrofoni. Akawaambia ukumbi wote alivyoanza na Clark Gable, na jinsi siku zile wazungu walivyobandikwa macho ili wacheze Waasia, kwa sababu watayarishaji walisema Waasia hawana uwezo na hawauzi tiketi. Kisha akawaambia: tutazameni sasa. Ukumbi ulisimama. Nami nilimwona kwa jinsi alivyoshika pumziko kabla ya mstari wa mwisho, yule kijana wa 1954 aliyemwiga Groucho.

Basi turudi kwa mlinzi wako wa getini. Nisikuahidi kwamba ukivumilia miaka 60 nawe utapewa nyota. Wengi waliovumilia pamoja na Hong hatuwajui hata majina. Ninachoweza kukupa ni zoezi. Tafuta kile kipande cha Chew kwenye Blade Runner, kiangalie mara ya kwanza kawaida, mara ya pili zima sauti uangalie mikono tu, mara ya tatu funga macho usikilize pumzi. Kisha uniandikie mlinzi wako alikuwa anafanya nini pale getini kabla gari halijapiga honi. Kama hujui, muulize mwongozaji. Kama naye hajui, amua wewe, na usimwambie mtu.